Nywele za Vasundhara na Wali wa Hekaluni

Mpendwa mshauri,

Nakuandikia nikiwa nimekaa ndani ya gari, gari liko gerejini, gereji imefungwa, na juu ya kichwa changu namsikia mke wangu anaburuta sanduku la safari kutoka chumba hiki kwenda kile, na kila likiburutwa moyo wangu nao unaburutwa, kwa hiyo nisamehe maneno yakikosa mpangilio, ila nisaidie kabla wembe haujagusa kichwa cha mtu asiye na kosa.

Mimi ni Mtelugu wa Guntur, kusini mwa India, mtu wa makamo, naandika programu za kompyuta kwenye kampuni ya bima, na nimekaa kitongoji hiki cha kaskazini mwa Columbus kwa muda mrefu hata naijua theluji itakayoshika na ile ambayo ni porojo za watabiri. Hekalu letu unalijua, lile la minara myeupe kati ya duka la matairi na kanisa la Wakorea, ambalo majina ya wafadhili yamechongwa kila mahali mpaka kwenye mlango wa choo cha wanaume. Zamani sikuwa mtu wa hekalu, nilikuwa mtu wa uwanja wa kuegesha magari. Mke wangu, ambaye hapa namwita Vasundhara ili nimfiche, nilikuwa namshusha mlangoni na sari yake ya hariri na koti la theluji juu yake, kisha nabaki garini nasikiliza kriketi mpaka atoke na alama nyekundu kwenye paji la uso na habari za mtoto wa nani kaingia chuo gani.

Basi majira ya baridi ya mwaka juzi daktari akanipima akaniambia nina sukari. Vasundhara hakulia wala hakumlaumu mtu. Alirudi nyumbani, akafungua kabati, akatoa gunia zima la mchele akampa jirani yetu Mchina, na tangu siku ile asubuhi nakula ulezi, mchana uwele, na jioni naletewa koliflawa iliyosagwa ikapewa jina la wali, na karela, lile tango chungu, pembeni. Haya amejifunza kwa daktari mmoja wa mtandaoni mwenye ndevu nyeupe anayesema babu zetu walikula mtama wakaishi karne nzima. Babu yangu mimi alikula wali asubuhi, mchana na usiku, na aliuawa na baiskeli.

Mshauri, wewe ni Mtelugu mwenzangu, sina haja ya kukueleza maana ya kumnyima Mtelugu wali. Nilivumilia. Haki ya Mungu nilivumilia kama mtu, mpaka siku hita ya gari ilipoharibika nikiwa pale uwanjani, baridi ikanitoa garini, nikaingia hekaluni, nikavua viatu, na kwa kuwa sakafu ya juu ilikuwa barafu tupu miguu yangu yenyewe ikanishusha ngazi kwenda ukumbi wa chini, kule wanakogawa chakula kilichokwisha kutolewa kwa Mungu. Nikakutana na harufu. Haradali ilikuwa inapasuka kwenye mafuta, kuna mvuje, kuna karanga na pilipili kavu, na ukwaju umeshalala juu ya wali wa manjano unaofuka moshi. Nyuma ya sufuria alisimama Kameshwari, yule shangazi wa wote, na upawa mkononi.

"Baba Sahiti!" akapiga kelele. "Leo jua limetokea wapi? Umeshuka garini?"

"Nimeingia kuota moto tu, shangazi."

"Shika sahani."

"Siwezi, shangazi. Nina sukari."

"Sukari gani tena? Nani kakwambia hiki ni chakula? Hii ni prasadam, imepita mbele ya Bwana. Ukirudisha sahani hii unanikataa mimi au unamkataa Yeye?"

Nikashika sahani. Nikala. Na kwa kuwa prasadam haibakizwi, nikamaliza, na kwa kuwa Kameshwari haoni sahani tupu akanyamaza, nikaongezwa.

Tangu hapo sikukosa. Jumamosi ni siku ya Venkateswara, kuna wali wa ukwaju na ladu, tonge tamu la samli na sukari. Jumanne ni ya Hanuman, bajia za choroko zenye tundu katikati. Ijumaa ni ya Lakshmi, wali mtamu wa sukari guru na korosho, samli inaogelea. Jumatatu ya Shiva ni wali wa mtindi, kidogo unapoza tumbo. Kila mungu na siku yake, na kila siku na sufuria yake, na mimi niliyekuwa sijui hata nyota niliyozaliwa nayo nikawa naijua kalenda ya hekalu kuliko kamati nzima, marais wake wa zamani wakiwemo.

Watu waliona. Vasundhara ndiye aliyeona wa kwanza, akawapigia simu dada zake Guntur, "Jamani, amebadilika, anakwenda mwenyewe, tena siku za kazi!" na mama mkwe wangu, ambaye tangu harusi alikuwa ananiita yule mhandisi, akaanza kuniita mwanangu. Kamati ikanipa kizibao cha njano cha kuongoza magari. Wanandoa vijana wakaniletea kichanga nikibariki. Mwezi uliopita wakaniomba nizungumze na watoto wa darasa la Jumapili juu ya faida za kujinyima, nikazungumza vizuri sana, mshauri, kuna mama alifuta machozi, kisha wakanizawadia ladu nikaila hapo hapo.

Usidhani sikuwa na mashaka. Siku moja nilisimama kwenye foleni nikamwona mtu wa mbele yangu amebeba sahani mbili, moja ameifunika kwa nyingine, akigeuka ni Daktari Nagabhushanam, huyo huyo anayenitibu sukari.

"Daktari," nikasema.

"Ee."

"Sahani mbili?"

"Moja ya mke wangu."

"Mkeo si yuko Hyderabad?"

Akatazama dari kidogo. "Na wewe? Mwezi jana si ulikaa ofisini kwangu ukaapa hugusi wali?"

"Huu si wali, daktari. Hii ni prasadam."

"Basi na mimi sijaona mtu anakula wali," akasema, akaenda kula nyuma ya nguzo.

Nikamwendea kuhani wetu Sheshachari, nikamuuliza kwa heshima zote, "Swami, chakula kilichotolewa kwa Bwana kinaweza kumdhuru mja?"

"Prasadam haina dhambi, bwana."

"Kwa hiyo hata mtu mwenye..."

"Nimesema haina dhambi. Sikusema haina sukari. Mimi mwenyewe nachoma sindano kila siku." Akafunua kidogo nguo kiunoni akanionyesha mahali.

Wakati huo Vasundhara ananitoboa kidole kila asubuhi na kipimo hakishuki. Anapunguza ulezi, hakishuki. Anaongeza karela, hakishuki. Akadhani kipimo kimeharibika, akanunua kingine, kile kipya kikasema maneno yale yale kwa sauti kubwa zaidi. Akaacha hata yeye kula wali ili asinitamanishe, mwanamke ambaye damu yake ni safi kuliko maji ya chupa. Usiku namsikia anageuka geuka. Siku moja nikamkuta jikoni anamuuliza yule daktari wa mtandaoni, kwenye simu, kama mtu anaweza kumtia mumewe ugonjwa kwa mkono wake mwenyewe bila kujua, na nikarudi nyuma kwa vidole vya miguu.

Halafu ikaja siku yenyewe. Aliniwekea koliflawa mezani, na badala ya kurudi jikoni akavuta kiti akaketi mbele yangu.

"Baba Sahiti," akasema, "mimi nimeshindwa."

"Umeshindwa nini?"

"Nimepika yote ninayoyajua. Sasa nimempa Bwana nywele zangu. Mwaka mpya wetu wa Ugadi ukipita tunaenda India, hekaluni kwake mlimani Tirumala, nanyoa zote. Labda Yeye anajua ninakokosea, maana mimi sijui." Kisha akanitazama. "Una la kusema?"

Nikasema, "Naomba maji."

Mshauri, nywele zile nazipenda. Sijawahi kumwambia kwa sababu sisi hatuambiani mambo hayo, lakini nazipenda. Mara ya kwanza kumwona nilimwona kwa nyuma, kwenye harusi ya binamu yangu, msuko umeshuka mpaka kiunoni na maua ya yasmini yamefungwa kuanzia juu mpaka chini, nikamwambia mama nimeshapata, mama akasema hata uso hujauona. Hapa Ohio yasmini anaiotesha ndani ya chungu dirishani, yanatoka machache, anayachomeka yote. Nikifikiri yatakwenda wapi yale maua naona kizunguzungu, na si cha sukari.

Nimejaribu kuacha. Jumamosi iliyopita niliapa sishuki ukumbini, nikabaki juu nazunguka sanamu za sayari tisa nikisali kwa dhati, Kameshwari akanifuata na sahani mpaka mbele ya sanamu ya Zohali. Nikikiri, nimekwisha, kizibao kitavuliwa, mama mkwe atarudi kwenye yule mhandisi, na Vasundhara hataniamini hata nikimwambia nje kuna theluji. Nikinyamaza, nywele ndizo hizo zinakwenda. Na tena nadhiri imeshawekwa, si ni dhambi mimi kumzuia mtu na ahadi yake kwa Mungu? Nakuomba, wewe uliyesoma, kama kuna mahali popote maandiko yanasema prasadam haihesabiki, nitafutie. Na tafadhali mambo yangu uyafiche, maana gazeti hili Vasundhara analisoma kabla hata ya kuchemsha maziwa.

Mimi,
Mja Mwenye Njaa, Ohio


Shangazi Mandakini anajibu:

Kaka yangu Mja, pole kwa sukari. Pole yangu imeishia hapo.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka nikamwaga kahawa, mara ya pili sikucheka, kwa sababu niligundua umeueleza wali kwa mapenzi makubwa, ukajua hata karanga zilikaa wapi, na mkeo umemleta mwishoni, akiwa tayari hana usingizi. Wali huo unaujua vizuri sana. Mwenzako unamjua?

Unataka andiko. Kuhani wako amekwisha kukupa, tena amekufunulia na nguo. Ukaondoka na nusu ya jibu, ile nusu tamu. Kameshwari mwache, yeye alipewa upawa ili agawe, na asipogawa atafanya nini kingine? Daktari wako naye mwache na nguzo yake, mkewe akirudi kutoka Hyderabad ataniandikia mwenyewe. Kila mtu uliyemtaja amebeba sahani yake. Wewe ujibu ya mdomo wako.

Na hilo la dhambi ya kumzuia na nadhiri, kaka, nimelipenda. Mtu ambaye mwaka juzi alikuwa anamsikilizia Mungu redioni pamoja na kriketi, leo amekuwa mlinzi wa ahadi za mkewe. Heshima unayoogopa kuipoteza ni ipi? Ya kizibao? Watoto wale wa Jumapili ulioenda kuwafundisha kujinyima, muulize mmoja wao Mheshimiwa alikuwa anatafuna nini alipomaliza hotuba, atakwambia. Watoto wanaona.

Unaogopa mkeo atasoma gazeti ajue. Umembadilisha jina, lakini Guntur hukuibadilisha, Sahiti hukumbadilisha, na Columbus nzima ina mwanaume mmoja tu anayeongoza magari huku anatafuna. Lakini tulia, si gazeti litakalomwambia. Anajua.

Unashangaa? Mwanamke aliyepika wali wa ukwaju tangu usichana wake, anafua mashati yako yana madoa ya manjano kwenye pindo la mkono, anakaa na wewe ndani ya gari moja na harufu ya mvuje, na wewe unadhani anafikiri ni uvumba? Mume haendi kwa Hanuman kila Jumanne miezi na miezi halafu asijue hata wimbo mmoja wa Hanuman. Labda mwanzo hakujua, na alipokuwa jikoni anauliza kama anakutia ugonjwa kwa mkono wake alikuwa anaumia kweli, na ulimsikia, na ukarudi kwa vidole vya miguu. Hilo mimi nisingekusamehe upesi. Lakini siku ya kiti alikuwa anajua.

Nitakuambia nimejuaje. Mama yangu naye aliweka nadhiri ya nywele, kaka yangu alipokuwa mgonjwa, na hatukujua mpaka aliporudi kutoka Tirumala na upara. Nadhiri ya namna ile mtu humnong'oneza Bwana peke yake. Mkeo alivuta kiti, akakaa mbele yako, akaisema kwa sauti ili uisikie, akakutazama usoni, kisha akakuuliza kama una la kusema. Alikufungulia mlango mpana kuliko wa hekalu. Ukaomba maji.

Utaniuliza, kama anajua, kwa nini asinikamate na sahani mkononi, si angeshuka tu ngazi? Angeweza. Ila akikukamata utakuwa mwizi wake, na ukisema mwenyewe utabaki kuwa mume wake. Anakuchagulia hilo la pili na anasubiri. Mficha maradhi kilio humuumbua, na huyu ameamua kilio kiwe cha kwake ili wewe usiumbuke mbele za watu. Sijui umefanya jema gani kupata mke kama huyo.

Sasa sikiliza, na usinijibu. Leo, kabla hajapakua, ingia jikoni. Usianze na hita ya gari, usianze na Kameshwari, wala usimtaje Mungu. Sema, "Nimekuwa nakula wali." Neno prasadam lisikutoke. Halafu nyamaza, na atakayoyasema uyameze yote, hayo hayana sukari. Akiuliza tangu lini, sema tangu lini. Akilia, usimletee maji.

Kizibao kirudishe mwenyewe kabla hujaombwa, na ile hotuba ya kujinyima waombe radhi watoto, wataifurahia kuliko ile ya kwanza. Hekaluni uendelee kwenda, ila uende naye, mshuke ngazi pamoja, sahani ashike yeye. Akikupa kijiko kimoja, hicho ndicho fungu lako, na Kameshwari akija na upawa mwache mkeo amjibu. Wale wawili wataelewana au watagombana na hayakuhusu. Daktari tafuta mwingine, mtu asiye na foleni moja na wewe. Na mwambie mkeo unazipenda nywele zake. Umeniambia mimi nisiyekujua, yeye uliyemwona kwa nyuma ukaridhika hujamwambia hata leo, aibu iliyoje.

Kuhusu kunyoa, huna amri. Akisema baada ya yote kwamba ahadi ni ahadi na anakwenda, nenda naye, ukae foleni ya wanaume ukanyolewe wa kwanza, hata kama kwako kinyozi hatachukua muda. Na usitembee Columbus na upara huo ukisifiwa.

Lakini ukinyamaza, haya ndiyo yatakayokuwa. Atapanda ndege na wewe, atakula chakula cha ndege akikuchagulia kisicho na wanga, atapanda mlima, ataketi chini mbele ya kinyozi, atafungua msuko kwa mikono yake na kuinamisha kichwa, na wewe utakuwa umesimama pembeni umeshika viatu vyake. Nywele zitaota tena, nywele hazina kinyongo. Ila yeye atainuka pale akiwa ameshajua ameolewa na nani.